Namba Ileile, Maneno Mengine

Mkurugenzi wa kampuni ya usanifu majengo alikuwa amekwisha kulia kabla Inspekta hajafika. Macho yalikuwa mekundu, leso imelowa vya kutosha kuonekana, na katibu wake alikuwa amemwekea glasi ya maji pembeni kama anavyowekewa mgonjwa. Inspekta, mwanamke ambaye askari wa kituoni walimwita Bi Msumari akiwa hayupo, aliitazama ile leso, akaitazama glasi, kisha akavuta kiti bila kungoja kukaribishwa.

"Pole kwa msiba," alisema.

"Tumefiwa sote, Inspekta. Wanawake wanne! Wamekaa zao wanangoja kumwona daktari, dari linawaporomokea..."

"Nilikuwa nazungumzia mpwa wako. Bado yu hai, ila naona umekwisha mzika."

Mkurugenzi aliishusha leso. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza, na sauti hiyo ilikuwa imemfikisha mbali. Tangu juzi alikuwa ameitumia kwa kila mwandishi wa habari aliyebisha hodi. Mpwa wake, binti wa dada yake, ndiye aliyechora dari la ukumbi wa ile kliniki ya wajawazito. Mchoro ulisema dari lining'inizwe kwa skrubu na plagi za plastiki, zile za kutundikia picha ukutani. Mkandarasi alifuata mchoro neno kwa neno, mikono yake misafi. Binti alikuwa mahabusu, na kwa kila aliyemuuliza alikuwa na neno moja tu: nilikosea. Alasiri ile jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka, na mwendesha mashtaka alikuwa tayari kuandika uzembe, alambe kidole, afungue jalada jingine.

"Ni utoto," Mkurugenzi alisema. "Utoto na kompyuta. Maelezo ya michoro yetu tunayaingiza kutoka kwenye jedwali. Jedwali likikaa vibaya, mchoro wote unadanganya. Nilimpa kazi kwa huruma, Inspekta, mama yake ni dada yangu. Kichwa chake kizito, lakini hana roho mbaya. Mstari mmoja tu. Mstari mmoja umemteleza, watu wanne wako mochari."

"Mstari mmoja."

"Mmoja tu, Mungu wangu."

Inspekta alishukuru, akanyanyuka, akaomba kuonyeshwa kompyuta ya binti.

Chumba cha wachoraji kilikuwa kirefu na cha baridi. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya kopo la rangi, na mashine kubwa ya kuchapia ilikuwa inatema karatasi ya jengo jingine taratibu, kana kwamba hakuna lililotokea duniani. Meza ya binti ilizungushiwa utepe wa polisi. Pembeni alisimama fundi wa kompyuta wa ofisi, kijana mrefu mwembamba waliyemwita Antena, na hakuitwa hivyo kwa urefu peke yake. Hakuna umbea wa ofisi ile uliopita hewani asiunase.

"Nieleze hayo maelezo yanavyoingia," Inspekta alimwambia, "kama unamweleza bibi yako."

"Bibi yangu anajua kompyuta kuliko wewe, afande."

"Basi nieleze kama unamweleza babu."

Antena alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Alikata utepe kwa ruhusa, akawasha kompyuta. Mchoro wa dari ulitokea ukiwa umejaa mishale, na kila mshale una namba kichwani.

"Mchoraji haandiki maneno juu ya mchoro, angejaza karatasi yote. Anaweka mshale na namba. Maneno yanakaa huku, kwenye jedwali. Safu tatu: namba, maneno, na namba ya mama."

"Mama gani?"

"Ndivyo tunavyomwita. Kila mstari una mama yake. Dari za kuning'inia, huyu hapa, mama. Chini yake wamo watoto: fimbo za kuning'inizia, mbao za jasi, rangi. Ukiliingiza jedwali kwenye programu, inasoma safu ya tatu, inampeleka kila mtoto kwa mama yake. Papo hapo kila karatasi yenye namba hiyo inavaa maneno mapya."

"Bila mtu kugusa mchoro?"

"Bila hata kuufungua. Namba ileile, mshale uleule, maneno mengine."

"Na muhuri wa mhandisi?"

"Ule ni picha tu, imebandikwa kwenye karatasi. Mhandisi aliidhinisha maneno ya jana, leo maneno yamebadilika, muhuri umekaa palepale."

Inspekta aliinamia kioo, akautazama ule muhuri. Alikuwa amewahi kuona watu wakighushi sahihi, wakighushi vyeti, wakighushi hata maiti. Hiki kilikuwa kipya kwake, na ukweli ni kwamba kilimfurahisha, ingawa furaha hiyo hakumwonyesha mtu.

"Sasa kosea," alisema.

"Nini?"

"Bosi wako anasema binti alikosea. Chukua nakala ya jedwali la zamani, ukosee mbele yangu. Kila namna mnavyokosea humu ndani."

Antena alijikuna shingo, akaketi. Kosa la kwanza, alisema, ndilo maarufu: kupanga safu moja upya na kuzisahau mbili. Alipanga, akaliingiza jedwali. Mchoro ukachafuka kuanzia juu hadi chini. Mshale wa dari ukasema bomba la maji taka, mshale wa mlango ukasema vigae vya bafuni. Kosa la pili: alimfuta mama. Watoto wake wote wakabaki yatima na namba zao zikaonyesha nafasi tupu. La tatu, alibandika maneno mstari mmoja chini ya pale yalipotakiwa, na ukoo mzima ukasogea, kila mtoto amevaa nguo za nduguye.

"Kwa hiyo mkikosea, mnakosea kwa ukoo," Inspekta alisema.

"Ndiyo, afande. Mtoto mmoja hakosei peke yake."

"Sasa lete jedwali lililoingizwa kwa ajili ya kliniki, na nakala ya akiba ya kabla yake. Niwekee ubavu kwa ubavu."

Programu ya kulinganisha ilipita mistari mamia kwa mamia, yote sawa. Ilipofika kwa mama wa dari za kuning'inia ikasimama, ikatia rangi nyekundu. Mtoto wa kwanza, aliyekuwa akisema fimbo zifungwe kwa bolti za chuma zilizopenya zege, sasa alisema skrubu na plagi za plastiki. Sentensi nzima, safi, haina hata nukta iliyopotea.

"Mtu hakosei kwa sentensi nzima," Antena alisema kwa sauti ndogo. Utani ulikuwa umemwisha.

"Shuka. Kuna nyekundu nyingine."

Chini kabisa ya mama yuleyule alikuwapo mtoto mpya, ambaye kwenye jedwali la zamani hakuwapo. Maneno yake yalikuwa ileile sentensi ya bolti za chuma, imenakiliwa herufi kwa herufi. Inspekta aliuliza ni mshale gani unaoitumia namba hiyo. Antena alitafuta jengo zima, karatasi baada ya karatasi. Hakukuwa na hata mmoja.

"Kaweka sentensi ambayo haionekani popote," alisema. "Ya nini?"

"Ya kurudishia." Inspekta aliinuka. "Kompyuta hii umeifungua mara ngapi tangu tulipoifunga?"

"Mimi? Hata mara moja. Si mliweka utepe wenu."

"Na mwingine je?"

"Hakuna, afande. Ndiyo kwanza leo."

"Siku binti alipoingiza jedwali hili ilikuwaje? Na usinifiche kitu, wewe sikio lako halilali."

Antena alitazama mlango kwanza. Jioni ya siku iliyotangulia, alisema, binti na mjomba wake walizozana ndani ya ofisi ya Mkurugenzi. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini binti aliongea kwa nguvu: "Hilo mjomba silifanyi." Akatoka, akachukua mkoba, akaenda nyumbani. Asubuhi yake alifika wa kwanza, macho yamevimba, hakumsalimia mtu. Akaketi, akaingiza jedwali, akachapa karatasi, akaenda chooni kutapika.

"Usiku huo Mkurugenzi alimpigia simu?"

"Simu zao zote mlichukua nyinyi."

Ni kweli walizichukua, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kufika mlangoni, hajui kwa nini chumba kimekuwa kimya. Inspekta alimgeukia polepole.

"Ulisema mstari mmoja umeteleza. Nani alikwambia ni mmoja?"

"Nimeambiwa na... na huyu kijana."

"Huyu kijana ameifungua kompyuta sasa hivi, mbele yangu."

"Basi nilikisia. Ni namna ya kusema tu, Inspekta."

"Ni miwili."

"Miwili?"

Mshangao wake ulikuwa wa kweli, wa kwanza wa kweli asubuhi ile. Alimtazama Inspekta, akaitazama kompyuta, mdomo wazi, kama mtu aliyeagiza kitu kimoja akaletewa viwili. Kisha akajikusanya. Alivuta pumzi, akaikunja leso yake mara mbili, akaitia mfukoni.

"Lile jedwali sijaligusa maishani mwangu," alisema. "Uliza mtu yeyote humu. Na kuanzia sasa utaongea na wakili wangu."

Alikuwa anasema kweli, na Inspekta alijua. Ndilo lililomuudhi njia nzima ya kurudi kituoni. Mtu anayejua alichoagiza si lazima awe na alama ya kidole popote.

Chumba cha mahojiano kituoni kilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilitengwa kwa ubao wa plaiwudi uliopakwa kijivu, na askari wote walijua kwamba ubao ule hauzuii hata kikohozi. Binti aliletwa peku. Alikuwa mwembamba, midomo imekauka, mikono ameiweka mezani kama mwanafunzi anayengoja kuchapwa.

"Nilikosea," alisema kabla hajaulizwa.

"Sentensi ya bolti uliihifadhi mwisho, chini ya mama yuleyule, haina mshale. Ulikusudia kuirudisha lini?"

"Bolti zikifi..."

Alifumba mdomo, lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Inspekta hakumsaidia. Alimwacha alisikie likizunguka chumbani.

"Kwa hiyo zilichelewa," alisema baadaye. "Ufunguzi umekaribia, wageni wamealikwa, na mkandarasi hafungi kitu ambacho hakiko kwenye mchoro. Ikabidi mchoro ubadilike. Umeniokolea kazi. Unajua kama zilifika?"

Binti alinyanyua macho.

"Zilifika wiki moja kabla ya ufunguzi. Ziko stoo ya mkandarasi, maboksi hayajafunguliwa hata moja. Hakuna aliyekuambia? Ungerudisha ile sentensi yako, dari lingefungwa upya, na wale wanawake wangejifungua salama. Mmoja alikuwa na mapacha."

Yalikuwa maneno ya kikatili na Inspekta aliyakusudia. Binti alikunjamana kama aliyepigwa tumboni. Alilia bila sauti, kwa muda mrefu, na Inspekta alimtazama mpaka mwisho bila kumpa hata kitambaa.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilikosea."

"Mjomba wako anasema kichwa chako kizito. Anasema alikuajiri kwa huruma."

"Anasema kweli."

"Amesema hivyo kwa waandishi wa habari. Mji mzima umesoma."

"Anasema kweli, afande."

Hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo Inspekta alipoacha kuuliza. Mtu akitukanwa na yule anayemfichia siri, lazima kitu kimcheze usoni, kope au taya. Huyu hakucheza. Basi si mjomba aliyekuwa akimfichia siri. Alimkatalia mjomba jioni, tena kwa nguvu, watu wakasikia. Asubuhi akatii. Simu hazikupigwa. Kati ya jioni na asubuhi binti alikuwa mahali pamoja tu, nyumbani, na nyumbani aliishi na mama yake.

Mama huyo alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu juzi. Kila asubuhi alileta chupa ya chai na nguo safi, kila jioni akabeba zile chafu. Askari walimhurumia hata wakamwachia feni. Inspekta alimfuata mwenyewe, akamshika mkono kwa heshima, akamwingiza katika ile nusu nyingine ya chumba, upande wa pili wa plaiwudi.

"Keti mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wanamruhusu lini Kitinda wangu?"

"Ndilo nililokuitia." Inspekta alisema kila neno wazi, bila haraka, na si kwa ajili ya mama peke yake. "Binti yako anasema alikosea. Nimehakikisha leo kwamba hakukosea, aliandika kwa kukusudia. Kwa hiyo si uzembe tena mama. Ni kuua."

Mama alishika shingo.

"Lakini naamini alitumwa. Akipatikana wa kusema nani alimtuma, binti yako atasimama mahakamani kama shahidi, si mshtakiwa. Usiku ule ndugu yako alikuja nyumbani kwako. Majirani wana macho." Majirani hakuwa amewauliza. "Aliongea nini?"

Mtu aliyepigwa na mshtuko hulia au hukana. Huyu alifikiri, na Inspekta alimwona akifikiri, macho yake yakitembea juu ya meza tupu kana kwamba anapanga vyombo.

"Kaka yangu akifungwa, atafungwa muda gani?"

"Hatoki."

"Ile nyumba ni yake, unajua. Nina wajukuu wanne mle ndani, watoto wa binti yangu marehemu. Shule anasomesha yeye. Mume sina."

"Najua mama. Pole."

"Pole haimlishi mtu." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, na alipoishusha uso ulikuwa umetulia. "Kaka yangu hakuja. Huyu binti tangu mdogo ana kiburi, haambiliki. Alilolifanya alilifanya kwa kichwa chake. Mimi hakunishirikisha."

"Una hakika? Hili nikishaliandika, linamfunga yeye."

"Andika mwanangu. Nitaweka dole gumba."

Upande wa pili wa plaiwudi kiti kilisogea kidogo, kikatulia. Inspekta aliandika mistari michache, mama akaweka dole gumba kwa uangalifu, akauliza pa kufutia wino. Inspekta alimwomba akae hapo kidogo.

Alipozunguka, alimkuta binti amekaa wima. Machozi yalikuwa yamekauka usoni, na mikono ilikuwa imeondoka mezani.

"Mjomba alikuja saa ya chakula cha jioni," binti alisema, bila kuulizwa. "Mimi alinipita jikoni, hakunisemesha. Alikaa na mama sebuleni, akaondoka. Kisha mama akaja chumbani. Nilikuwa nakunja nguo za watoto."

"Akasema nini?"

"Akasema bolti zimechelewa, mjomba ataaibika, nikaandike zile za plastiki. Alizitaja vizuri kabisa, alikuwa amefundishwa. Nikamwambia siwezi. Akasema nikimkatalia kaka yake, nitafute pa kulala, niondoke na wale wanne, yeye hatatupwa nje uzeeni kwa ajili yangu."

"Ulimweleza hatari yake?"

"Nilimwambia watu watakufa."

"Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo. Akasema watu wanakufa kila siku." Alilamba midomo yake mikavu. "Dari lilipoanguka alikuja hapa, akanishika uso, akasema sema ulikosea, mjomba atakutoa. Nikasema nilikosea. Ningesema hivyo mpaka mwisho."

Inspekta aliandika yote, akamsomea, akasogeza karatasi.

"Ukitia sahihi hapo, mama yako haendi nyumbani leo. Alijua, na akakutuma. Sheria haitamwacha."

"Najua. Watoto wapelekeni kwa baba yao, anakaa mbali lakini ni mtu mwema."

Alitia sahihi kwa mwandiko wa wachoraji, herufi zote sawasawa. Inspekta alifungua mlango, akamnong'oneza koplo maneno mawili, na koplo akaenda upande wa pili. Mara kiti kikasikika kikianguka.

"Kitinda!" mama alipiga kelele koridoni. "Kitinda mimba wangu! Waambie! Waambie umedanganya, nitakulaani!"

"Afande," binti alisema, "naomba mlango."

Inspekta aliufunga. Kelele zilipungua, zikapita, zikaishia huko kwenye selo za wanawake. Alikuwa na kila alichokihitaji kumfuata Mkurugenzi na wakili wake, na gari lilikuwa tayari uani. Alikusanya karatasi zake. Hakujivunia, na wala hakujuta. Kazi ilikuwa imekamilika.

"Mimi sasa nalala wapi?" binti aliuliza. "Mashahidi mnawalaza wapi?"

"Utarudi ulikotoka. Kesho unapelekwa mahakamani pamoja nao."

"Ulisema nitakuwa shahidi. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilimwambia mama yako," Inspekta alisema. "Wewe sikukuahidi kitu. Jedwali uliliingiza wewe."

Binti aliinuka mwenyewe, akamnyooshea koplo mikono yote miwili afungwe pingu.